Dhahabu ya Kilwa Niliyoikuta Lisbon

Mjomba wangu anavusha watu kati ya Kilwa Masoko na Kilwa Kisiwani. Alianza na dau la tanga, sasa ana boti ya mashine, na maelezo ya waongoza watalii ameyasikia mara nyingi hadi ameyahifadhi kama aya. Nilipomwambia kwamba nakwenda Lisbon, mji mkuu wa Ureno, kwa siku kumi, kwa pesa niliyoidunduliza miaka mitatu dukani kwangu Kariakoo, hakuniuliza kwa nini. Alisema, "Ukifika, waulize dhahabu yetu waliiweka wapi."

Jibu nilikuwa nalo, na ndilo lililonifanya nichague Lisbon wakati wenzangu wakienda ulaya huanza na London au Paris. Mwaka 1502 Vasco da Gama alitia nanga Kilwa na merikebu zenye mizinga, akamtisha Amir Ibrahim, aliyekuwa akitawala mji, kwamba asipolipa kodi kwa mfalme wa Ureno mji utapigwa. Amir akakubali kulipa mithkali 1,500 za dhahabu kwa mwaka, mithkali ikiwa kipimo cha kale cha uzito. Dhahabu hiyo ilifika Lisbon mwaka 1503. Mfalme Manuel I akaikabidhi kwa sonara wake, Gil Vicente, atengeneze chombo cha ibada, na chombo hicho kipo mpaka leo, kwenye jumba la makumbusho, ndani ya kioo. Mimi nimezaliwa Kilwa Masoko. Nilitaka kukiona kwa macho yangu.

Habari za viza nitazipitia haraka. Ukitaka ile ya Schengen ya muda mfupi, jipange miezi miwili kabla: taarifa za benki, barua, tiketi, hoteli, na bima ya safari isiyopungua euro 30,000. Ada peke yake ni euro 90, na hairudi hata ukinyimwa. Mimi mwenye duka nilitakiwa nipeleke leseni ya biashara na karatasi za kodi, na kila kimoja kitafsiriwe. Jambo jingine ambalo watu hawalitajii wenzao ni kodi ya mji. Lisbon hutoza mgeni euro 4 kwa kila usiku anaolala, mpaka usiku wa saba, na hotelini huiongeza juu ya bei uliyokwisha kulipa. Weka kwenye hesabu zako.

Nilifika Jumapili jioni. Jumatatu asubuhi, kabla hata sijaona bahari wala mto, nikashika njia kwenda makumbusho. Iko mtaa wa Janelas Verdes, maana yake madirisha ya kijani, magharibi ya katikati ya mji. Nilikwenda kwa miguu, mvua nyepesi ya Oktoba ikinyesha, na hapo nikajifunza habari ya zile njia zao. Lisbon imetandikwa vijiwe vidogo vyeupe vya chokaa na vyeusi vya bazalti, vimepangwa kwa mkono, vina nakshi za mawimbi na maua. Vinapendeza sana. Vikilowa huteleza kama sabuni, na mji wote ni vilima. Viatu vyangu vya ngozi, ambavyo nilinunua maalumu kwa safari hii, sikuvivaa tena baada ya siku ile. Nilinunua raba.

Njiani nilipita mtaa uitwao Rua do Poço dos Negros. Nilisimama kwa sababu neno la mwisho halihitaji mkalimani. Poço ni kisima, au shimo. Mwaka 1515 mfalme Manuel, yuleyule wa dhahabu yetu, aliagiza lichimbwe shimo la kutupia maiti za watumwa Waafrika, kwa kuwa walikuwa wakiachwa bila kuzikwa na harufu ilisumbua mji. Katikati ya karne ile inakadiriwa kwamba kila watu kumi wa Lisbon, mmoja alikuwa mtumwa. Leo mtaa una mikahawa na maduka ya nguo, na vijana wanakunywa kahawa nje chini ya miavuli. Nilisoma Fatiha pale pale kando ya njia, kimya kimya, kwa sababu sikujua nani mwingine angeisoma.

Nikafika makumbusho, mlango umefungwa. Jumatatu hawafungui. Mtu nimetoka Dar es Salaam, nimebadilisha ndege Istanbul, nimekuja na jambo moja moyoni, na sikuangalia siku. Makumbusho mengi ya Lisbon hupumzika Jumatatu, na hata ile monasteri kubwa ya Belém iko hivyo hivyo. Ningeweza kurudi kesho yake, lakini nilipokuwa nimekaa kwenye ngazi zilizolowa nikabadili nia. Nikaona heri niujue kwanza mji wenyewe. Nijue ni watu gani waliokuja mpaka kwetu, na wao yamewapata yapi. Dhahabu imekaa miaka mia tano, itanisubiri mpaka Alhamisi.

Nasema kwa dhati, kufungiwa mlango kule ndiko kulikonifaa kuliko kitu chochote katika safari ile.

Jumatatu hiyo hiyo mchana nilishuka Baixa, sehemu ya bondeni, ambako barabara zimenyooka kama zimepigwa kamba. Zimenyooka kwa sababu mji wa zamani ulikufa. Tarehe 1 Novemba 1755, Sikukuu ya Watakatifu Wote, watu wakiwa makanisani asubuhi na mishumaa inawaka, ardhi ilitetemeka. Waliosalimika walikimbilia mtoni, kwenye uwazi, wakaona maji ya Tejo yamerudi nyuma na kuacha sakafu ya mto. Kisha maji yakaja juu. Mishumaa na majiko yaliyoanguka vikawasha moto uliokula mji kwa siku kadhaa. Maelfu kwa maelfu walikufa. Kasri la mfalme lililokuwa ukingoni mwa mto lilitoweka, na uwanja mkubwa uliopo hapo leo, wenye sanamu ya mfalme José I juu ya farasi, wenyeji bado wanauita Terreiro do Paço, uwanja wa kasri.

Mimi nauza vifaa vya ujenzi, kwa hiyo nililotaka kujua ni walijengaje tena. Waziri wa mfalme, ambaye baadaye alikuja kuitwa Marquês de Pombal, na wahandisi wake walibuni kitu wanachokiita gaiola, yaani kizimba. Ndani ya kuta za mawe na matofali kuna fremu ya mbao: nguzo za wima, za mlalo, na katikati zimepigwa mbao za msalaba kama herufi X. Nyumba ikitikiswa, mbao hujikunja kidogo na kurudi, ukuta unaweza kupasuka lakini jengo halilali chini. Inasimuliwa kwamba walijaribu kwa kujenga mfano wake na kuwafanya askari wapige mguu kuuzunguka. Katika jengo moja wameacha sehemu ya ukuta wazi, na niliweza kuushika ubao wenyewe. Umekauka, umekuwa mgumu kama mfupa, na maungio yake fundi aliyakata akayabana pasipo pengo. Nilikaa pale nikifikiria maghorofa tunayoyaona yakianguka kwetu siku isiyo na tetemeko wala upepo, na nondo ninazouza mimi mwenyewe, na yule mteja anayeniambia kila mara nimpe zile nyembamba, hakuna atakayeona.

Sasa niseme juu ya maneno.

Siku ya pili niliingia mgahawani, mhudumu akaniuliza jambo kwa Kireno, na katikati ya yote nisiyoyaelewa nikasikia "mesa". Wanaitamka meza. Alikuwa ananiuliza nataka meza ya watu wangapi! Shuleni tulifundishwa kwamba meza, leso na bendera ni maneno ya Kireno, tukayaandika kwenye mtihani tukayasahau. Ni tofauti kabisa kuyasikia kinywani mwa mtu asiyejua kwamba na wewe unayo. Nikaanza kuyawinda. Dukani, pale pa kulipia pameandikwa "caixa", ndilo kasha letu. Kwenye duka la vifaa, kibao cha "parafusos": parafujo. Kwenye bustani moja wazee walikuwa wanacheza karata kwenye meza ya mawe, na nilisimama nyuma yao muda mrefu nikisikia kopa na turufu zikiitwa, nusura niseme na mimi. Nikafumba macho, ikawa ni barazani Kilwa baada ya alasiri.

Na kila kona kuna kanisa, na kila kanisa lina kibao "igreja". Neno hili ndilo lililozaa gereza. Kisiwani kwetu ngome ya Wareno, ambayo baadaye Waomani waliijenga upya, jina lake mpaka leo ni Gereza. Nyumba yao ya sala ilikuwa ndani ya ngome, na ngome ikaja kuwa mahali pa kufungia watu, neno likahama na kazi ya jengo. Sijui Mreno angejisikiaje akiambiwa kwamba kanisa lake kwetu maana yake ni jela. Nilimweleza kijana mmoja wa hotelini. Alinyamaza, kisha akaniomba nimwandikie neno hilo kwenye karatasi.

Mgahawani huko huko nilipata somo lingine, la mfukoni. Ukiketi tu wanakuletea mkate, zeituni, siagi, pengine na jibini, bila kuagiza. Mimi kwa ada za kwetu niliona ni takrima ya mgeni, nikala. Vyote viliandikwa kwenye bili. Wanaviita couvert, na desturi ni kwamba usipovigusa hulipi. Ukisema mapema "não, obrigado", hapana asante, wanaviondoa bila kinyongo. Samaki wao wa sifa ni bacalhau, samaki mkavu wa chumvi. Ni ng'onda, jamani. Wanamloweka siku nzima na zaidi, wanamwaga maji, ndipo wanapika na viazi na mafuta ya zeituni. Shangazi zangu wangekaa na wapishi wale wakaelewana bila lugha.

Belém nilikwenda Jumatano kwa treni kutoka Cais do Sodré. Ni pale mto unapokaribia bahari, ambako meli zilikuwa zikiagwa. Watalii wengi huenda kwa ajili ya vile vitobosha vya maziwa na mayai vinavyouzwa tangu mwaka 1837, na hunyunyiza mdalasini juu, nao ni vitamu kweli. Lakini monasteri ya Jerónimos ndiyo jambo lenyewe. Ilianza kujengwa mwanzoni mwa miaka ya 1500, kwa sehemu ya kodi iliyotozwa biashara ya Afrika na Bara Hindi. Nguzo zake zimechongwa kamba za meli, matumbawe na majani ya nchi za mbali. Ndani ya kanisa, ukiingia tu upande wa kushoto, amelala Vasco da Gama.

Nilikuwa nimejiandaa kukasirika. Ni jeneza la mawe, juu yake sanamu yake imelala, viganja vimekutanishwa kama anaomba. Ubavuni wamechonga jahazi. Alifia Kochi, Bara Hindi, mwaka 1524, na mifupa inayosemwa kuwa yake ililetwa kanisani hapa mwaka 1880. Wageni walikuwa wanapiga picha, mtoto mmoja akaushika mguu wa jiwe, mama yake akamvuta. Hasira haikuja kama nilivyotarajia. Iliyokuja ni hamu ya kumwuliza jambo dogo: Kilwa uliyoiona ilikuwaje? Maana wewe uliiona imesimama, misikiti na nyumba zake za matumbawe, na mimi niliyezaliwa pale sijaiona. Miaka mitatu baada yako alikuja Mreno mwenzako Almeida, akaipora, na mwezi uliofuata Mombasa ikachomwa moto. Nilisimama kwa jeneza lile robo saa. Kisha nikatoka nje kwenye jua.

Ngome ya São Jorge nitaipita, mandhari yake ni nzuri na umati wake ni mkubwa. Tramu ya njano namba 28 ipandeni saa moja asubuhi, kabla ya umati, na mkoba uwe mbele ya tumbo. Bibi mmoja mwenyeji alinionyesha kwa ishara jinsi ya kuushika wangu, nikamshukuru. Mtaa wa Alfama jina lake ni la Kiarabu, maana yake chemchemi za maji moto, kwa sababu mpaka mwaka 1147 mji huu ulitawaliwa na Waislamu. Vigae vile vya buluu mnavyoviona kwenye picha zote za Ureno, azulejo, nalo ni neno la Kiarabu. Na bibi akisema "oxalá" anamaanisha Mungu akipenda. Ni inshallah, imechakaa kidogo tu njiani.

Kuna sehemu mbili nitazitaja polepole. Ya kwanza ni kanisa la São Domingos karibu na uwanja wa Rossio. Liliungua mwaka 1959, na walipolifungua tena hawakuficha. Nguzo zimemeguka, mawe yamebanduka kama ngozi iliyobabuka. Nje yake kuna jiwe la ukumbusho la Wayahudi waliouawa na umati mwezi Aprili 1506. Mwaka 1506 ndio mwaka Gil Vicente alipomaliza kazi yake ya dhahabu. Katika mji uleule, sonara anang'arisha na watu wanachomwa. Na kwenye uwanja huo huo leo ndipo Waafrika hukutana, wengi wa Guinea-Bissau, akina mama wenye vitenge wakiuza kola na karanga. Nilinunua karanga nisizozihitaji ili nikae nao.

Ya pili ni Largo do Carmo, penye kanisa ambalo paa lake liliangushwa na tetemeko na halikurudishwa. Matao yamebaki wazi, mbingu ndiyo dari. Mbele yake, tarehe 25 Aprili 1974, ndipo Marcelo Caetano, waziri mkuu wa Ureno, alijisalimisha kwa wanajeshi waliokuwa wamechoka kupigana vita Afrika, watu wakawachomekea mikarafuu kwenye bunduki. Msumbiji ikapata uhuru tarehe 25 Juni mwaka uliofuata. Hapo nilijisikia nyumbani, maana FRELIMO, chama kilichopigania uhuru huo, iliundwa Dar es Salaam mwaka 1962, na kambi yake kubwa ilikuwa Nachingwea, mkoa wetu wa Lindi. Waliokaa kwenye migomba na mihogo yetu wakijifunza kupigana walichangia kuufungua mji huu pia. Sikuona kibao kinachosema hivyo pale uwanjani.

Alhamisi nikarudi Janelas Verdes. Nilipita haraka vyumba vya michoro, Mwenyezi Mungu anisamehe, kwa sababu kuna kazi kubwa mle. Nikaiona kwa mbali, kwenye chumba chenye mwanga hafifu.

Si kubwa. Urefu wake ni sentimita sabini na kitu, kama mtungi wa kawaida, lakini imesimama kama mnara. Wakatoliki huweka ndani yake mkate wa Ekaristi ili waumini wauabudu. Katikati kuna duara la kioo, na mitume kumi na wawili wamepiga magoti kulizunguka, kila mmoja si mrefu kuliko kidole, kila mmoja ana uso wake na nguo za rangi. Juu yao ananing'inia njiwa mweupe. Kwenye kitako kuna ndege, maua na konokono, wadogo mno, na ilinibidi niiname mpaka pua ikaribie kioo. Mlinzi akakohoa, nikarudi hatua moja.

Maandishi yanazunguka kitako. Ukitaka kuyasoma lazima uzunguke nawe. Yanasema kwamba mfalme Manuel aliamuru itengenezwe kwa dhahabu na kodi ya Quiloa, ikakamilika mwaka 1506. Quiloa ni Kilwa. Hawakuficha. Waliandika kabisa, mbele ya Mungu wao, kwamba hii ni kodi, na imetoka kwa nani. Nilizunguka mara tatu. Watu walikuwa wanakuja, wanasoma kibao, wanapiga picha, wanaondoka. Bwana mmoja alimwambia mkewe neno nikasikia "ouro", dhahabu. Hakuna aliyezunguka.

Niliwaza na upande mwingine, ambao mjomba hatausikia kwa waongoza watalii. Dhahabu ile haikuchimbwa Kilwa. Ilichimbwa bara, kwenye nyanda za Zimbabwe, ikabebwa mpaka bandari ya Sofala, na mabwana wa Kilwa wakaichukulia ushuru wao ikipita. Kuna mtu aliyeichimba shimoni ambaye jina la mji wake halikuandikwa kwenye kitako wala kwenye Husuni Kubwa, kasri la kale la Kilwa. Kwa hiyo ninaposema dhahabu yetu, sauti yangu inashuka kidogo. Lakini jina ni letu, na lipo.

Nilimwomba mlinzi ruhusa ya kupiga picha bila mwanga, akaitikia kwa kichwa. Nje bustanini, mbele ya mto Tejo, nikampigia mjomba.

"Shikamoo mjomba. Nimeiona."

"Marahaba. Jina letu lipo?"

"Lipo."

"Lisome."

Nikamsomea herufi moja moja. Q, U, I, L, O, A. Upande wa pili nilisikia maji yakipiga ubavu wa boti. Hakusema kitu kwa muda, hata nikadhani mtandao umekatika. Kisha akasema, "Nitumie hiyo picha. Na usiikate kichwa."

Mpaka leo iko kwenye simu yake, na abiria wageni wakishakaa huipitisha kutoka mkono mmoja hadi mwingine. Miezi michache iliyopita alivusha watu wazima wawili kutoka Ureno, mume na mke. Yule mama alivaa miwani, akaikuza picha kwa vidole, akaanza kusoma maandishi kwa sauti, Kireno chenyewe, polepole. Walikuwa katikati ya maji. Mjomba akazima mashine mpaka alipomaliza.